Unameza Nini?

Matokeo yalinikuta kwenye matatu pale Roysambu, magari yamesimama kama yamepandwa ardhini. Simu ikalia. PDF ya kurasa mbili, nembo ya kliniki juu, jina langu limekosewa herufi moja, na chini ya jina, mistari. TSH 0.31. FT4 24.1. Kando ya mstari wa kwanza palikuwa na herufi L, yaani chini. Kando ya wa pili, H, yaani juu. Zote mbili kwa rangi nyekundu, ile ya kuandika madeni.

Kama wewe ni wa rika langu, unajua nilichofanya. Kabla hatujafika Allsops nilikuwa nimeshajipima kwa Google, nimejihukumu, na nimeanza kuwaza nani atachukua kochi langu. TSH ikiwa chini na FT4 ikiwa juu, intaneti iliniambia, tezi yako ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Moyo utaenda mbio. Utakonda. Utatokwa na jasho na hutavumilia joto. Mikono itatetemeka.

Nikanyoosha mkono mbele yangu. Haukutetemeka hata kidogo. Nilikuwa nimevaa sweta mbili. Ilikuwa Februari, saa saba mchana, lile jua la Nairobi la kukausha sufuria kabla hujaigeuza, na dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemwomba mzee wa kando yangu alifunge. Alinitazama kama mtu anayefikiria kushuka.

Karatasi ilisema nachemka. Mimi nilisikia baridi. Na kwa kuwa nimelelewa kuamini karatasi, niliiamini karatasi.

Yote haya yalianzia kichwani, namaanisha nywele. Oktoba, msusi wangu wa Ngara alisimamisha vidole katikati ya laini na kusema, "Madam, huku mbele kumerudi nyuma. Kwani nani alikusuka akikuvuta hivi?" Hakuna aliyenivuta. Nywele zilikuwa zinatoka tu, kwenye kitana, kwenye mto, kwenye kola ya shati. Rafiki yangu, ambaye nywele zake ni za tangazo, akaniambia anatumia bayotini. Nikanunua kopo lenye kibandiko cha waridi: nywele, ngozi na kucha, mikrogramu 10,000 kila kidonge. Lilisema kimoja kwa siku. Mimi nikawa nameza viwili, maana haraka ilikuwa yangu.

Baada ya nywele ukaja uchovu. Si ule wa kukosa usingizi. Nilikuwa nalala saa kumi na kuamka nimechoka kama nimebeba mchanga usiku kucha. Nikaongeza kilo sita bila kuongeza chapati. Choo kikawa habari ya kila siku ya nne. Hedhi ikawa nzito na ya kuchosha. Mama yangu, ambaye hana breki, aliniangalia nikishuka kwenye gari Krismasi na kitu cha kwanza akasema, "Umenenepa. Una mimba?" Sikuwa na mimba. Nilipima mara mbili ili niwe na ushahidi.

Kliniki niliyoenda siitaji, na nitaeleza kwa nini sina hasira nayo kama unavyofikiria. Daktari alikuwa kijana, mpole, na foleni nje ilifika mlangoni. Alitazama PDF kwenye kompyuta yake. "Thairoidi yako inakimbia sana," akasema. Nikamwambia nasikia baridi. Akasema dalili hutofautiana kati ya mtu na mtu, jambo ambalo ni kweli. Akaniandikia kabimazoli, dawa ya kuizuia thairoidi isitengeneze homoni, na nirudi baada ya mwezi. Dakika saba, labda nane. Hakuninyima huduma wala hakunidanganya. Ila hakuna mtu aliyeishika shingo yangu, na hakuna mtu aliyeniuliza swali lile moja.

Nilimeza kabimazoli siku 19.

Wacha nieleze tezi hii ni nini, kwa sababu mimi nilikuwa na miaka 27 na sikujua ninayo. Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, imekaa kama kipepeo aliyekumbatia koo. Inachukua iodini kutoka kwenye chakula na kutengeneza homoni mbili. T4 ina chembe nne za iodini, T3 ina tatu. Majina ni mepesi hivyo tu. T4 ndiyo nyingi, ni kama akiba, na mwili huing'oa chembe moja ikawa T3, ambayo ndiyo hasa inayofanya kazi. Kazi gani? Karibu kila kitu: kasi ya moyo, joto la mwili, utumbo, ngozi, nywele, hedhi, hata wepesi wa kufikiri.

Sasa, TSH haitoki kwenye thairoidi kabisa. Hapo ndipo watu wengi tunapotea. Inatoka kwenye tezi nyingine ndogo chini ya ubongo, pituitari, na ni sauti ya kuagiza kazi. Fikiria mama sebuleni na mtoto jikoni. Vyombo vikioshwa vizuri, mama anaongea polepole. Mtoto akizembea, sauti inapanda. Kwa hiyo TSH ya juu maana yake mama anapiga kelele, na mama anapiga kelele kwa sababu mtoto hafanyi kazi. H kwenye TSH ni thairoidi iliyolegea. L kwenye TSH ni thairoidi iliyochangamka kupita kiasi, na mama kanyamaza kabisa. Mtu akisoma karatasi kama anasoma matokeo ya mtihani wa hisabati, atasoma kinyume.

Na huyu mama ana hasira za ajabu. FT4 ikishuka kwa nusu, TSH haiongezeki mara mbili tu. Inaweza kuongezeka mara mia. Ndiyo maana madaktari huanza na TSH: inapiga kelele mapema, wakati T4 yenyewe bado iko ndani ya mipaka.

Mipaka yenyewe nayo ina hadithi. Katika maabara nyingi TSH ya mtu mzima hutakiwa kuwa takriban kati ya 0.4 na 4. Namba hizo hazikushushwa kutoka mlimani. Hupatikana kwa kupima watu wengi wanaoaminika kuwa wazima, kisha kuchukua 95 wa katikati katika kila 100. Wale watano waliobaki pembeni ni wazima vilevile, lakini karatasi zao zitakuwa na herufi nyekundu. Halafu TSH haikai mahali pamoja. Hupanda usiku wa manane na kushuka mchana, kwa hiyo damu ya saa mbili asubuhi na ya saa tisa alasiri, za mtu yuleyule, siku ileile, zinaweza kutofautiana. Miezi ya kwanza ya ujauzito huishusha. Ugonjwa mkali wa aina nyingine kabisa unaweza kuivuruga. Namba ni ya kweli, sikatai. Lakini ni ya kweli kwa saa ile, kwa mashine ile, kwa damu ile na kila kilichokuwa ndani yake.

Tuendelee. Siku ya 12 hivi ya kabimazoli sauti yangu ikawa nzito. Mama alipiga simu akauliza, "Mbona unaongea kama redio iliyoisha betri?" Nikamwambia nina homa. Kazini nilikuwa nasoma barua pepe moja mara tatu. Siku moja nilisinzia nikiwa nimesimama kwenye foleni ya lifti, na mlinzi akanishika kiwiko akidhani nimezimia. Uso ulikuwa umevimba asubuhi kama niliyelia. Nilijiambia ni dawa inafanya kazi. Ukweli ni kwamba ilikuwa inafanya kazi, na hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Dadangu ndiye aliyenipeleka kwingine. Hakuniuliza, alikuja na Uber.

Muuguzi alinishika mkono, akahesabu mapigo, akahesabu tena. "Hamsini na mbili," akasema. "Unatoka Iten?" Nikacheka. Mimi, ambaye ngazi za ghorofa ya pili zilikuwa zinanitosha kwa wiki nzima.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliweka karatasi yangu mezani, akaiangalia, kisha akaniangalia mimi, kisha akairudia. Nilihisi kama watu wawili wanaodaiwa kuwa pacha na hatufanani. Alisimama nyuma yangu, akaweka vidole shingoni, akaniambia nimeze maji. Tezi hupanda ukimeza, akaniambia, ndivyo unavyojua unachokishika ni yenyewe. Aligonga kisigino changu kwa ile nyundo ndogo ya mpira. Mguu uliruka, halafu ukarudi polepole, kama mlango wa ofisi ya serikali. Akagonga tena, kuhakikisha.

"Unameza nini?" akauliza.

Nikataja kabimazoli.

"Nyingine?"

Hakuna.

"Vitamini? Dawa za kienyeji? Dawa za nywele?"

"Hizo za nywele si dawa," nikasema, na kwa mara ya kwanza kwenye maisha yangu nikajisikia nikiongea na kujua katikati ya sentensi kwamba sentensi hiyo itanisumbua miaka mingi. Nikafungua mkoba. Kopo la waridi. Alilishika mbali kidogo na macho ili asome, akasoma namba, akavua miwani.

"Siku uliyotolewa damu, ulimeza?"

Nilimeza. Viwili, saa moja asubuhi, na damu ikatolewa saa tatu. Nakumbuka kwa sababu nilijivunia kutosahau.

Alichonieleza nitakieleza kwa lugha ya matatu, kwa sababu ndivyo nilivyoelewa. Ndani ya mashine nyingi za kupima homoni kuna viti. Viti hivyo ni protini inayoitwa streptavidini, na streptavidini ina tabia moja: inashika bayotini na haiachi. Waliotengeneza kipimo wakaitumia tabia hiyo. Kila TSH inayopatikana kwenye damu yako hushikwa na kingamwili mbili, moja ina tiketi ya bayotini, nyingine ina taa. Yenye tiketi inakaa kwenye kiti. Mwishoni mashine inawaosha waliosimama na kuhesabu taa za waliokaa. Taa nyingi, TSH nyingi.

Sasa mimi nikaja na damu iliyojaa bayotini ya kopo. Umati mzima wenye tiketi mkononi, hawana TSH, hawana taa, wanataka tu kukaa. Viti vikajaa. TSH yangu, hata kama ilikuwa nyingi kiasi gani, ikabaki imesimama mlangoni na ikaoshwa. Mashine ikahesabu taa: chache. L.

Upande wa FT4 hesabu huenda kinyume. Pale, T4 yako inashindana na T4 ya maabara iliyofungwa taa. Taa zikiwa chache kwenye viti, mashine inadhani T4 yako ndiyo iliyowasukuma nje, yaani iko nyingi. H. Kumbe viti vimechukuliwa na wapanda bure. Kwa hiyo bayotini haikuharibu matokeo ovyoovyo, jambo ambalo mtu angeligundua. Iliyaharibu kwa mpangilio mzuri, pande zote mbili, mpaka yakafanana kabisa na ugonjwa halisi unaojulikana. Hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo.

Si mashine zote zinazotumia viti hivi. Ningepelekwa maabara ya jirani yenye mbinu nyingine, labda siku hiyohiyo ningepata jibu tofauti na kuwalaumu wote wawili. Na si siri pia. Novemba 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu bayotini na vipimo vya damu. Walitaja mgonjwa aliyefariki baada ya kipimo cha troponini, kinachotumika kutambua shambulio la moyo, kusoma chini kuliko ukweli kwa mtu aliyekuwa akimeza bayotini nyingi. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 za bayotini kwa siku. Mimi nilikuwa nameza 20,000. Kwa ajili ya nywele za mbele.

Aliniambia niache kopo, niache kabimazoli, nirudi baada ya wiki moja saa mbili asubuhi. Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Nilikuwa nasubiri damu yangu isafishike ili iseme.

Iliposema, haikunong'ona. TSH 41.6. FT4 6.8. Herufi zilikuwa zimebadilishana viti. Kulikuwa na mstari wa tatu pia, anti-TPO, kingamwili zinazoishambulia thairoidi yenyewe, na kwenye mstari huo hakukuwa na namba kamili, kuliandikwa tu "zaidi ya 600". Mashine ilikuwa imechoka kuhesabu. Kwa Kiswahili cha kawaida: askari wa mwili wangu walikuwa wameamua, miaka fulani iliyopita, kwamba kile kipepeo ni adui.

Ugonjwa una jina la mtu. Mwaka 1912 daktari wa upasuaji wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliandika katika jarida la Kijerumani kuhusu tezi za wagonjwa wanne. Wote wanne walikuwa wanawake. Huwa nawafikiria. Hawakuwa na mashine wala herufi nyekundu. Ilibidi tezi ivimbe, ikatwe, iwekwe chini ya darubini ndipo mtu aone kilichokuwa kikiendelea.

Niliuliza swali ambalo ungeuliza: kati ya hiyo 41.6, kiasi gani ni ugonjwa na kiasi gani ni siku 19 za kumeza dawa ya kuizima tezi ambayo tayari ilikuwa inazimika? Daktari alifikiri. Akasema hatutajua. Damu ya kwanza ilishatupwa. Nilirudi ile kliniki ya kwanza, si kugombana, nilitaka tu waandike mahali. Mama wa mapokezi akanijibu kwamba mashine yao hukaguliwa kila siku na matokeo yalikuwa sahihi. Na unajua? Mashine ilihesabu taa ilizoziona. Nilitoka nje nikasimama juani na sweta yangu na sikujua nimkasirikie nani. Bado sijui vizuri.

Pasaka nilienda kwa shosho, Nyandarua, kule chini ya Aberdare ambako baridi haihitaji thairoidi. Kwenye ukuta wake kuna picha ya zamani ya wanawake sita wa kikundi cha kanisa. Nimeiona maisha yangu yote. Siku hiyo ndipo nilipoona shingo. Wawili kati yao wamefunga leso shingoni, na leso hazilali vizuri, zimeinuka katikati.

"Rovu," shosho akasema, bila kuinua macho kwenye maharagwe aliyokuwa akichambua. "Zamani lilikuwa la kawaida." Mmoja wa hao wawili ni yeye. Lake lilipungua lakini halikuisha. Alichukua mkono wangu akauweka pale, na nilipomwambia ameze mate likapanda na kushuka chini ya vidole vyangu kama mnyama mdogo anayegeuka usingizini. Udongo wa nyanda za juu una iodini kidogo, mvua imeisomba kwa karne nyingi, na tezi isiyopata iodini hukua ikitafuta. Ndiyo sababu Kenya imekuwa ikitaka chumvi iongezwe iodini tangu miaka ya 1970, na ndiyo sababu kizazi changu kinajua neno rovu kama tusi la shuleni tu. Ugonjwa wake na wangu si mmoja. Wake ulikuwa njaa ya tezi, wangu ni vita. Lakini kilichonishika ni jinsi yeye alivyosomwa. Mtu alimtazama shingo tu, akajua.

"Wewe walikujuaje?" akaniuliza.

Nikamwambia mara ya kwanza hawakunijua.

Sasa nameza levothairoksini, ambayo ni T4 ileile, imetengenezwa kiwandani. Asubuhi, tumbo tupu, kwa maji, halafu kusubiri angalau nusu saa, afadhali saa nzima, kabla ya chochote. Chochote maana yake chai. Sijui kama mnaelewa ukatili wa sharti hili kwa mtu aliyelelewa nyumba ambayo maziwa yanachemka kabla watu hawajasalimiana. Kahawa huzuia dawa isinyonywe vizuri. Kalisi ya maziwa vilevile. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, vinatakiwa vikae mbali kama saa nne. Mwezi wa kwanza niliweka kengele ya saa kumi na moja na nusu, nikameza, nikarudi kulala, nikaamka mtu huru.

Halafu hupimi kesho yake. Nusu ya T4 uliyomeza leo bado iko mwilini baada ya takriban wiki moja, na pituitari nayo ni mama asiyesahau haraka; ukimkosea mwezi mzima hatulii kwa siku mbili. Unasubiri wiki sita hadi nane ndipo namba iwe na maana. Kipimo cha kwanza baada ya dawa kilisoma TSH 9.2. Nilikata tamaa, daktari alifurahi. Kutoka 41 kwenda 9, akasema, wewe ulitaka nini, muujiza?

Kisha nikafanya upuuzi, na nausema kwa sababu hakuna anayeusema. Nikaanza kujisikia vizuri, na nikaacha. Si kwa uamuzi. Kidonge kilisahauliwa safarini Mombasa, kisha kikasahauliwa Jumatatu, kisha ikawa wiki tano. Nilipokumbuka nina miadi, zilikuwa zimebaki siku sita. Nikafanya tulichofanya sote shule ya upili: nikabukua. Nilimeza kila siku, siku mbili za mwisho nikameza viwili, nikatoa damu nikiwa na uso wa malaika.

Daktari akafungua matokeo. FT4 19.4, safi kabisa, ndani ya mipaka, hata upande wa juu. TSH 14.8.

Alikaa kimya muda. Akavua ile miwani.

"Unameza?" akauliza. Safari hii aliacha neno moja.

Nilianza kusema ndio. Lakini mistari miwili ilikuwa pale kwenye skrini, mmoja ukisema habari za wiki hii na mwingine ukisema habari za mwezi uliopita, na haikuwezekana kwa yote miwili kuwa kweli isipokuwa kwa namna moja. T4 unaweza kuijaza siku sita. TSH huwezi kuihonga. Nikamwambia ukweli, Mombasa na yote. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba afadhali nimwambie yeye kuliko damu imwambie, kwa sababu angeamini namba, angeniongezea dozi, na nikirudi kumeza vizuri moyo ungeanza kukimbia kwa kweli. Safari hii mwenye kopo ningekuwa mimi na yeye ndiye angeandika dawa isiyo yangu.

Nilifikiria lile jambo kwenye basi nikirudi. Mara ya kwanza sikuulizwa. Mara ya pili niliulizwa na nikataka kudanganya.

Kwa hiyo nina karatasi. Iko kwenye kifuniko cha simu, nyuma ya kadi ya Huduma. Nimeandika kila kitu kinachoingia mdomoni na si chakula: levothairoksini na kiasi chake, vidonge vya kupanga uzazi, kwa sababu navyo huongeza protini zinazobeba T4 kwenye damu na kupandisha T4 ya jumla huku ile huru ikiwa sawa, tangawizi ya unga ambayo mama huniletea na ambayo daktari alisema haina shida lakini niiache kwenye orodha, na bayotini, iliyokatwa kwa mstari. Siku ya kipimo naenda asubuhi, maabara ileile kila mara, kabla ya kumeza cha siku hiyo. Mtu wa maabara akifunga mkanda mkononi namsomea orodha hata kama hakuuliza. Wengine hunitazama kama yule mzee wa matatu. Mmoja aliandika yote pembeni ya fomu, kwa kalamu, mwandiko mdogo, na nilitaka kumkumbatia.

Kipimo cha mwisho TSH ilikuwa 2.7. Hakuna herufi kando yake. Nilikiangalia kwa muda mrefu, nafasi tupu pale ambapo herufi hukaa, halafu nikanyoosha mkono, mazoea, nikahesabu mapigo yangu mwenyewe kwa saa ya simu. Sabini na moja.

Jumamosi nilikuwa Ngara. Msusi alipitisha kitana mbele, akasimama, akainama karibu na paji langu. Kuna vinywele vifupi pale sasa, vimesimama wima kwa fujo kama watoto wa nasari, havitaki kuingia kwenye laini yoyote.

"Madam," akasema, "hizi zimeota! Kwani siku hizi unatumia nini?"

Nikaitoa karatasi.